Safari Yenye Meli Mwishoni Huhesabiwa Kutoka Gatini

Binti wa Mtongwe uliyeko Kent, karibu na Seattle, barua yako imemsema sana mumeo.

Barua ina kurasa nne. Tatu umezijaza majina ya mbuga, hoteli na barabara, nusu ni mashtaka dhidi ya mume, na katikati umebana sentensi moja ndogo iliyonifanya niweke barua nyingine zote kando nikujibu wewe kwanza. Umeandika: "Mama aliniuliza kwenye simu kama hiyo meli ni lazima, nikacheka." Tutaifikia sentensi hiyo. Kwanza nikusomee shida yako nilivyoielewa, nawe unisahihishe.

Hujawatia machoni wazazi wako kwa miaka tisa. Sasa makaratasi yametulia, kazi ya uuguzi imeshika, na mwezi Juni Baba na Mama wanakuja Marekani kwa mara ya kwanza. Umewakatia tiketi za meli ya kitalii, siku saba kutoka Seattle kwenda Alaska na kurudi. Wanatua Jumamosi jioni, na meli inang'oa nanga Jumapili ya wiki inayofuata. Katikati zipo siku saba kamili, na zote umezipakia: Portland, ziwa la Crater, misitu ya redwood, San Francisco, kisha mashariki hadi Yellowstone, halafu kurudi Seattle Jumamosi usiku, mlale, muamkie meli. Mumeo ameitazama ramani akasema umepanga Safari Rally. Wewe umeona anawabania wazazi wako. Unaniuliza nani kati yenu ana haki.

Mumeo, mwanangu.

Usikunje uso. Utakapomaliza kusoma utaona kwamba nimekuwa upande wako muda wote. Lakini kaa nami kwenye hesabu kidogo, maana mapenzi yako ni makubwa kuliko barabara iliyopo.

Seattle hadi San Francisco kwa barabara kuu ni kama kilomita 1,300. San Francisco hadi Yellowstone ni zaidi ya 1,500. Kutoka huko kurudi Seattle ni kama 1,200. Jumla inapita 4,000, na hapo sijahesabu kona za kwenda kwenye redwood wala kuzunguka ndani ya mbuga zenyewe. Gawa kwa siku saba. Ni sawa na kuwatoa wazee Mombasa hadi Naivasha kila siku, wiki nzima, wakati bado miguu yao imevimba kwa ndege. Na dereva ni mmoja, mumeo, anayetoka zamu za usiku ghalani. Ungemwona mtu wa Mombasa anawapangia wazazi wake hivyo, ungempigia simu umgombeze.

Kuna na saa za mwili. Mwezi Juni, kati ya Mombasa na Seattle pana tofauti ya saa kumi. Baba akiwa kwenye kiti cha nyuma huko Portland saa nane mchana, mwili wake utamwambia ni saa sita usiku. Mtu wa umri wake, tena mwenye kisukari, huchukua siku kadhaa kurudisha usingizi, hamu ya kula na ratiba ya dawa kwenye mstari. Wewe ni muuguzi. Mgonjwa wako ungemwambia nini?

Hata mahali penyewe pengine hapatakungoja. Ziwa la Crater ndilo lenye kina kirefu kuliko maziwa yote ya Marekani, mita 594, na sikulaumu kwa kulitamani. Lakini limekaa juu kabisa, ndani ya mlima uliobomoka na kujimeza yapata miaka 7,700 iliyopita, na theluji ya huko haijui kalenda. Barabara ya lango la kaskazini na ile inayozunguka ukingo mara nyingi huwa bado zimefungwa mwanzoni mwa Juni. Umeandika pia kwamba mtapitia Johnston Ridge kuutazama mlima St. Helens, ule uliolipuka tarehe 18 Mei 1980. Maporomoko ya Mei 2023 yalivunja daraja la njia hiyo, na ukarabati wake ni wa miaka, si wa miezi. Ratiba yako umeichora kwa kutazama picha nzuri za watu waliokwenda mwaka mwingine, mwezi mwingine, na magoti mengine.

Sasa tumweke mumeo mahali pake. Umesema, "Angekuwa anawapenda, angeendesha." Mtu anayekataa kuendesha kilomita 580 kwa siku akiwa amebeba wakwe zake anaweza kuwa ndiye anayewapenda kwa akili timamu zaidi katika nyumba hiyo. Umeniambia kwamba kabla hujamwomba, alikwisha badilishana zamu ili apate likizo wiki ile, na amenunua godoro jipya la chumba cha wageni. Mwanamume anayewabania wakwe hanunui godoro. Anachoogopa ni kulala kwenye usukani, na anaona haya kulisema kwa maneno hayo mbele yako, ndipo likatoka kwa mzaha wa Safari Rally. Leo jioni mwambie umemwelewa. Mwambie kabla ya kula.

Nimesema niko upande wako, na hapa ndipo. Umeandika, "Nataka waone kila kitu, maana huenda wasirudi tena." Kisha ukaandika kwamba bibi yako alipofariki hukwenda kuzika, na kwamba mdogo wako aliolewa ukamwona kwenye simu, picha ikikwama kila mara. Mwanangu, hii si ratiba ya matembezi. Unalipa deni la miaka tisa kwa siku saba. Kila mbuga uliyoiongeza ni sikukuu uliyoikosa. San Francisco ni harusi ya mdogo wako. Yellowstone, iliyo mbali kuliko zote, nadhani ni mazishi ya bibi.

Nakuelewa, na sikwambii uchungu huo uuzime. Nakuomba tu umuulize anayedai. Baba na Mama wamewahi kukudai? Kwa miaka tisa umewatumia pesa za dawa, umewajengea choo cha ndani, umemsomesha mdogo wako. Wao wanasimulia mtaani kwamba wana binti muuguzi Marekani. Deni hili umelikadiria mwenyewe, umelipandisha riba mwenyewe, na sasa unataka kulilipa kwa miguu ya wazee na macho ya mumeo. Kama kuna mtu wa kusamehe miaka hiyo, ni wewe. Fanya kabla hawajatua, maana wakikukuta bado unalipa, hawatapata nafasi ya kukaa na wewe.

Turudi kwenye sentensi yako. Mama kauliza kama meli ni lazima, nawe ukacheka ukidhani ni ushamba wa mgeni. Lakini ninyi ni watu wa Mtongwe. Mwaka 1994, Ijumaa asubuhi ya tarehe 29 Aprili, feri iliyokuwa ikivusha watu kutoka Mtongwe kwenda kisiwani ilijaa kupita kiasi ikapinduka karibu kabisa na nchi kavu. Walikufa watu zaidi ya 270. Wewe wakati huo ulikuwa mtoto mdogo. Mama yako alikuwa mwanamke mzima ambaye, kwa maneno yako mwenyewe, alivuka kila siku miaka ishirini kwenda kuuza vitumbua Mwembe Tayari. Muulize alikuwa wapi asubuhi ile. Muulize nani wa mtaani kwenu hakurudi. Huenda atakwambia ni jambo la zamani na habari ya meli haina uhusiano, na kweli iwe hivyo. Huenda pia atanyamaza kwa muda mrefu. Vyovyote vile, mtu aliyeishi upande ule wa maji akiuliza kama meli ni lazima, hachekwi. Anakaribishwa aseme.

Usijilaumu kwa kicheko. Hukujua ulichokuwa ukiulizwa. Sasa umejua, na una muda.

Hapa ndipo ninapokuja na wazo langu moja, na mengine yote yananing'inia juu yake. Siku za barabarani kabla ya meli zisipangwe kuanzia uwanja wa ndege kwenda mbele. Zipangwe kutoka gatini kurudi nyuma. Wazee wetu wa pwani waliijua hesabu hii. Nahodha wa jahazi hakuondoka siku aliyojisikia. Alihesabu kutoka kwenye upepo: kaskazi ilileta, kusi ikarudisha, na aliyechelewa kupakia aliukosa msimu. Ndani ya siku zilizosalia ndimo alimoweka biashara, ziara na ndoa. Baba yako, aliyeendesha kreni Kilindini mpaka akastaafu, hahitaji kufundishwa kwamba meli ndiyo inayopanga siku ya watu wa nchi kavu.

Basi tusimame gatini Jumapili ile, tutazame nyuma.

Cha kwanza utakachokiona ni hati, na hili usilipeleke kesho. Meli yako itatia nanga jioni moja Victoria, mji wa Kanada. Haisimami pale kwa uzuri wa maua tu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inazuia meli iliyosajiliwa ng'ambo kubeba abiria kati ya bandari za Marekani peke yake, na meli kubwa za kitalii karibu zote zimesajiliwa ng'ambo, Bahamas, Panama au Bermuda. Ili safari ianzie Seattle na kuishia Seattle, lazima iguse nchi nyingine. Wewe una kadi ya ukaazi wa kudumu, na kwa kadi hiyo pamoja na pasipoti yako ya Kenya, Kanada hukuruhusu kuingia bila viza. Ndiyo maana jambo hili halikukupita akilini, na katika kurasa zako nne halimo. Baba na Mama hawana kadi hiyo. Wao wanahitaji viza ya Kanada, hata kama ni kwa saa chache, hata kama watabaki chumbani wasishuke. Hati hukaguliwa gatini siku ya kwanza, na asiyekuwa nayo huambiwa arudi na sanduku lake.

Kwa hiyo waombe viza hiyo wakiwa bado nyumbani, maana alama za vidole na picha watachukuliwa Nairobi. Tazama pia kama viza yao ya Marekani ni ya kuingia mara nyingi, kwa kuwa wakigusa Victoria watakuwa wametoka Marekani na wanarudi tena. Haya yafanye wiki hii, kabla hujafuta hoteli hata moja. Umebakiwa na zaidi ya miezi miwili, na viza haiharakishwi kwa machozi.

Cha pili ni saa. Orodha ya abiria lazima ifikishwe serikalini dakika 60 kabla ya meli kuondoka, kwa hiyo mlango wa abiria hufungwa mapema kuliko hapo. Na ile sheria ya 1886 ina mkia: mkiachwa Seattle, msidhani mtapanda ndege mkaikute Juneau. Safari ya kuanzia Juneau na kuishia Seattle inahesabiwa kuwa kati ya bandari mbili za Marekani, na kusimama Victoria hakutoshi kuihalalisha. Tairi moja likipasuka Jumamosi usiku huko Idaho, tiketi nne za Alaska zimekwenda na maji. Angalia pia gati iliyoandikwa kwenye tiketi, maana Seattle ina mbili za meli za kitalii, namba 66 na namba 91, na katikati yake pana kilomita kadhaa za mji wenye foleni.

Kwa hiyo Jumamosi haina safari. Jumamosi mko Kent, nyumbani, nusu saa hivi kutoka gatini. Mama anakunja nguo, Baba anapanga dawa. Mwambie dawa na pasipoti zikae kwenye mkoba wa mkononi, kwa sababu masanduku makubwa huchukuliwa na wapagazi gatini na huweza kufika vyumbani saa kadhaa baadaye. Kama Baba anatumia insulini, waambie watu wa meli mapema ili chumba kiwe na friji inayofaa, na uwakatie wazazi bima ya matibabu, kwani hospitali ya ndani ya meli hulipisha. Omba na chakula cha halali mapema, usingoje mezani. Habari ya sala za msafiri mwachie Baba, anaijua kuliko mimi na wewe. Mwonye tu mapema kwamba Juni huko kwenu magharibi huingia yapata saa tatu usiku, asije akadhani saa yake imeharibika.

Ijumaa iwe ya mji. Asubuhi mpelekeni Baba kwenye malango ya maji ya Ballard, yaliyofunguliwa mwaka 1917. Maziwa ya Seattle yako juu kuliko bahari kwa kama mita 6, basi boti ikitaka kupanda huingia kwenye chemba, malango yanafungwa nyuma yake, maji yanaongezwa, nayo inainuka polepole mbele ya macho yako mpaka ilingane na ziwa. Mtu aliyeinua makontena maisha yake yote atasimama pale mpaka mumtafutie kiti. Pembeni yake kuna ngazi ya samaki yenye vioo, wanapopanda samoni wakirudi walikozaliwa. Adhuhuri mumeo ampeleke sala ya Ijumaa kwenye msikiti wenu. Baba ataiona safu mnayosimama, atasikia salamu kwa lafudhi za Kisomali, Kihindi na Kimarekani, na atarudi anajua binti yake ana watu. Wakati huo wewe na Mama mko soko la Pike Place, lililoanza 1907. Mwache aulize bei za samaki, ashangae, alalamike. Muuza vitumbua wa miaka ishirini sokoni hahitaji mwongozaji.

Jumatano na Alhamisi ndizo siku zenu za barabara, na hapa nakuomba unisikilize sana. Jumatano vukeni kwa feri kutoka Seattle kwenda Bainbridge. Ni dakika 35. Magari yanakaa chini, abiria wanapanda juu penye viti na madirisha mapana, na Baba atailinganisha na feri ya Likoni tangu kamba ya kwanza mpaka ya mwisho. Mama mketishe anapotaka yeye. Usimpige picha. Usimwambie hakuna cha kuogopa. Kaa karibu naye, umpe chai, na umtazame mikono. Dakika zile 35 zitakueleza kuhusu siku saba za Alaska mengi kuliko kijitabu chochote cha matangazo.

Akiwa sawa, endeleeni na gari hadi Port Angeles, yapata saa moja na nusu kutoka kwenye feri. Laleni huko. Laleni kweli, msifike kwa taa za gari. Alhamisi asubuhi tembeeni kando ya ziwa Crescent, maji ya buluu chini ya milima yenye misonobari, njia tambarare isiyoumiza magoti. Kabla ya kurudi, msimamisheni Mama ufukweni Port Angeles siku ikiwa safi, mumwoneshe ng'ambo ya mlango wa bahari: nchi ile ni Kanada, na Victoria iko pale. Njia ya meli yao ndiyo hii hapa mbele. Bahari inayoonekana mwisho wake haitishi kama ile iliyo kichwani.

Jumapili, Jumatatu na Jumanne za mwanzo zitabaki. Mbili kati yake hazina mpango wowote. Najua mkono wako unawasha kuandika kitu hapo. Uache uwashe. Hizo ndizo siku Mama atafungua kabati zako za jikoni azipange upya, atakuuliza kwa nini unga wa mahamri una miezi minane, atamwona jirani yako wa Vietnam na watasalimiana kwa vichwa. Atalala mchana, ataamka saa tisa usiku, na wewe unayetoka kazini usiku utamkuta macho. Mazungumzo uliyoyakosa miaka tisa huja saa hizo, nyumba ikiwa kimya na chai ya tangawizi iko mezani. Kwenye gari lenye ratiba hayaji.

Siku moja iliyobaki ni ya mlima Rainier, nao usiupangie tarehe. Ninyi wenyewe huko husema "mlima umetoka" siku mawingu yanapofunguka. Ungojeeni utoke. Jumatatu au Jumanne, mkiamka mkauona kutoka Kent, pakieni mahamri kwenye mkebe mwende. Una mita 4,392, na ingawa Kilimanjaro wetu unaupita kwa mita 1,500, huu una mito mingi ya barafu kuliko mlima wowote wa majimbo yaliyoshikana ya Marekani. Gari hufika hadi Paradise, mita kama 1,645 juu ya bahari, chini kidogo ya Nairobi, kwa hiyo Baba asihofie pumzi. Mwanzoni mwa Juni bado mtakuta theluji imelala pembeni mwa maegesho. Mama ataishika kwa mkono wake. Inatosha. Mnaweza kurudi nyumbani kabla ya alasiri na siku isiwe imepotea hata kidogo.

Hesabu kilomita za wiki hiyo. Zote pamoja ni kama 700, wakati ile ratiba yako ilikuwa na zaidi ya 4,000. Yellowstone imekuwa mbuga ya taifa tangu 1872, haitaondoka. Redwood zimesimama mamia ya miaka. Zikikuuma sana, mpelekane wewe na mumeo mwaka ujao, wawili tu.

Sasa swali gumu, ambalo hukuliuliza lakini naona limejificha nyuma ya barua: itakuwaje Mama akishuka kwenye feri ya Bainbridge akasema, mwanangu, mimi Alaska sitaki?

Basi haendi. Najua tiketi imelipwa, najua mlijinyima. Leo soma masharti ya tiketi, ujue ni tarehe ipi ukifuta utarudishiwa kiasi gani, maana kadiri siku ya safari inavyokaribia ndivyo kinachorudi kinavyopungua. Tarehe hiyo ikiwa ni kabla hawajafika, basi zungumza na Mama kabla yake, usingoje feri. Na ikishapita, bado haendi. Baba anaweza kwenda na mumeo, mwendesha kreni na mtu wa ghala wakatazame bandari za Juneau na Ketchikan na kubishana kuhusu makontena siku saba, na wewe ukabaki Kent na mama yako. Ungeiita hiyo safari iliyoharibika? Mimi nikikutazama kutoka huku, wewe uliyekosa kushika mkono wa bibi yako, naona wiki moja ya peke yenu wawili kuwa kitu ambacho tiketi hainunui.

Lakini huenda atakwenda. Watu wa Mtongwe walirudi kuvuka maji baada ya 1994, kwa sababu soko lilikuwa ng'ambo na watoto walihitaji kula. Mama yako alikuwa mmoja wao, na mtoto aliyekula ni wewe. Asikudanganye mtu kwamba ni mwoga. Anachohitaji ni kuulizwa, na jibu lake, lolote lile, lipokewe bila kicheko na bila uso kuanguka.

Kwa hiyo kesho mpigie. Ngoja wamalize isha, kwako itakuwa kama saa nne asubuhi, ukiwa umeshapumzika kidogo baada ya zamu. Usianze na ratiba mpya, wala usianze na viza, hiyo utamweleza Baba akishika simu. Anza na lile swali lake. Mwambie, "Mama, siku ile uliniuliza kuhusu meli nikacheka. Niulize tena."

Kisha nyamaza, umsikilize.